Kijana wa Gisenyi aonyeshwe tumbo la mashine

Mjadala wa vijana na mashine za kuchezea, hapa Gisenyi kama kwingineko nchini Rwanda, umekuwa wa upande mmoja. Mashine za kamari zinazomeza sarafu, zile ambazo mitaani huitwa ibiryabarezi, zinawamaliza vijana. Basi zikamatwe, zifungiwe, ziondolewe. Majirani nao wamepita njia hiyo hiyo: mwaka 2018 Kenya iliteketeza hadharani mashine za aina hiyo zilizokuwa zimekamatwa madukani na vibandani. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2011 inayosimamia michezo ya bahati nasibu haimruhusu asiyefikisha miaka 18 kushiriki. Sina ugomvi na hatua hizo. Shida ni kwamba zinahangaika na mashine na kumwacha kijana vilevile alivyokuwa: anasimama mbele ya sanduku lililofungwa, hajui ndani yake kuna nini, na anaamini kwamba jana alikosa kwa nuksi na leo huenda akapata kwa bahati. Mashine ikiondolewa mtaani Mbugangari au karibu na kivuko cha mpaka cha Petite Barrière, imani hiyo haiondoki nayo. Inahamia kwenye simu, na huko hakuna askari wa kuipakia kwenye gari.

Ninapendekeza jambo ambalo wengine wataliona geni. Shule, vituo vya vijana na vyumba vya kompyuta vya wilaya yetu ya Rubavu viwafundishe vijana kuweka na kutumia emuleta za gemu za zamani za sarafu, hasa ile iitwayo MAME. Sisemi hivyo kwa sababu vijana wetu wamekosa michezo. Mpira upo, ziwa lipo, na vibanda vya PlayStation vimejaa. Nasema hivyo kwa sababu sijaona chombo kingine cha bure kinachoweza kumwonyesha mtoto wa miaka 14, kwa macho yake mwenyewe, kwamba ndani ya mashine ya sarafu hakuna nuksi wala nyota njema. Kuna namba, na namba hizo zimepangwa na mtu.

Emuleta ni programu inayoifanya kompyuta moja itende kazi kama kompyuta nyingine. Gemu za sarafu zilizotawala kumbi za michezo duniani, tangu Space Invaders ya kampuni ya Taito mwaka 1978, Pac-Man ya Namco mwaka 1980 na Donkey Kong ya Nintendo mwaka 1981, hadi Street Fighter II ya Capcom mwaka 1991, kila moja ilikuwa na ubao wake wa umeme na chipu zake, ndani ya kabati la mbao lenye skrini na tundu la sarafu. Mbao hizo zinakufa. Chipu zinapoteza kilichoandikwa ndani yake, betri zinavuja, kabati linageuzwa kuni. Mwitaliano Nicola Salmoria alitoa toleo la kwanza la MAME tarehe 5 Februari 1997, na tangu hapo watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wamekuwa wakisoma chipu moja baada ya nyingine na kuandika, mstari kwa mstari, jinsi kila ubao ulivyokuwa ukifanya kazi. Mwaka 2016 mradi huo ukawa programu huria kamili: yeyote anaruhusiwa kuipakua, kuisoma na kuibadilisha kwa kufuata masharti ya leseni yake. Wengi wanaijua MAME kama njia ya kupata gemu za bure. Thamani yake kubwa zaidi ni kwamba ni maktaba ya mashine, na milango yake haina kufuli.

Kuiweka si kazi ya mtaalamu. Unaipakua kutoka tovuti ya mradi wenyewe, unaifungua ndani ya folda moja, na humo unakuta folda nyingine iitwayo roms. Faili la gemu, ambalo ni nakala ya yaliyomo ndani ya chipu za ubao wa asili, huja likiwa limefungwa kwa mtindo wa zip, na hapo ndipo wengi hukosea: wanalifungua na kumwaga vilivyomo. Usilifungue. Liweke lilivyo ndani ya folda ya roms, washa programu, chagua jina la gemu. Kitufe cha 5 kinachukua nafasi ya sarafu, kitufe cha 1 kinaanzisha mchezo, mishale inaendesha, na Ctrl ya kushoto ndiyo kitufe cha kwanza cha kufyatulia. Kwa wenye kibodi za Kifaransa, ambazo hapa mpakani si chache, kitufe ni kilekile kilichoandikwa 5, bila haja ya Shift. Programu ikilalamika kwamba kuna mafaili yamekosekana, mara nyingi kompyuta haina kosa lolote: nakala ya gemu uliyonayo imetengenezwa kwa ajili ya toleo jingine la MAME, au gemu hiyo inategemea faili la pili la mfumo wake, kama zile za Neo Geo zinavyohitaji neogeo.zip. Kijana akihangaika na kosa hilo hadi akalitatua, ameshajifunza matoleo, mafaili tegemezi na kusoma ujumbe wa kosa kwa utulivu, mambo ambayo fundi yeyote wa kompyuta huyafanya kutwa.

Lakini kitufe ninachotaka mwalimu asisitize ni Tab. Gemu ikiwa inaendelea, Tab inafungua menyu, na ndani ya menyu hiyo, kwa gemu nyingi, kuna orodha ya swichi. Kwenye ubao wa asili hizi zilikuwa swichi ndogo za plastiki, nyembamba kuliko punje ya mchele, zilizofichwa ndani ya kabati ambalo ufunguo wake alikuwa nao mwenye mashine peke yake. Ubao wa Pac-Man ulikuwa nazo. Mwenye mashine aliweza kuamua sarafu moja inunue mchezo mmoja au miwili, au sarafu mbili ndizo zinunue mmoja. Aliweza kuamua mchezaji apewe roho moja, mbili, tatu au tano. Roho ya ziada ije kwenye pointi 10,000, au 15,000, au 20,000, au isije kabisa. Ugumu uwe wa kawaida au wa juu. Mchezaji aliyekuwa nje alikiona kiduara kilekile cha njano na mazimwi yaleyale manne. Akihamia ukumbi wa pili na kufa mapema zaidi, alijilaumu kwamba leo mkono mzito. Mwambie mwanafunzi abadilishe roho kutoka tatu hadi moja, acheze, arudishe tano, acheze tena. Somo la dakika tano, na hotuba zote tunazowapa vijana kuhusu kamari haziwezi kulifikia.

Kutoka hapo ni hatua moja tu hadi kwenye mashine za kamari zenyewe, kwa kuwa MAME imeziandika hizo pia. Mashine iitwayo Cherry Master, ya kampuni ya Dyna, yenye picha za cheri, kengele na matunda yanayozunguka, imeelezwa katika faili la programu liitwalo goldstar.cpp. Faili hilo ni maandishi matupu. Linasomeka bure bila kuwa na gemu yoyote, bila kuvunja hakimiliki ya mtu. Ndani yake, katika orodha ya swichi, kuna swichi ya kiwango cha malipo cha mchezo mkuu. Ina nafasi nane: asilimia 45, 50, 55, 60, 65, 70, 75 na 80. Mwenye mashine anachagua moja, anafunga kabati, anaweka ufunguo mfukoni. Nafasi ya asilimia 100 haipo.

Hebu tupige hesabu polepole, maana hapa ndipo penye uzito wote. Chukua faranga 1,000. Kwenye asilimia 80, kwa wastani, ukizicheza zote mara moja unabaki na 800. Ukizirudisha unabaki na 640. Ukizirudisha tena, 512. Kwenye asilimia 45 unabaki na 450, kisha zipatazo 202, kisha 91. Mizunguko mitatu, na tofauti kati ya nusu ya pesa yako na chini ya sehemu ya kumi imeamuliwa na kidole cha mtu kabla hujaingia mlangoni. Cheri ni zilezile na kengele inalia vilevile. Sidai kwamba kila mashine iliyowahi kusimama Rubavu ilikuwa na swichi hizo hizo. Zipo za aina nyingi na nyingine hupangwa kwa programu bila swichi. Ninachodai ni kwamba zote ni za ukoo mmoja: kiwango kimewekwa, kimewekwa chini ya mia, na mchezaji haonyeshwi. Hata mchezo wa ndege wa Aviator, uliowateka vijana wengi wa Afrika Mashariki kwenye simu, hutangazwa kuwa unarudisha asilimia 97. Inasikika kama ukarimu. Lakini asilimia 97 ya asilimia 97, ukiirudia mara 23, inakuachia nusu ya pesa yako kwa wastani, na mchezo huo unachezwa raundi baada ya raundi kwa sekunde. Kijana anaweza kumaliza mara 23 akisubiri chai ipoe.

Na huu si mji wa watu wasiojua hesabu. Mama anayevusha nyanya kwenda Goma asubuhi anajua faida yake hadi sarafu ya mwisho, kwa faranga za Rwanda na kwa zile za Kongo, na akitajiwa dola anabadilisha kichwani kabla hujatoa simu yako. Mwambie mama huyo anunue kreti ambayo kila mara, kwa wastani, robo yake au nusu yake imeoza, na asiruhusiwe kuifungua, atakufukuza. Mwanawe anainunua kreti hiyo kila jioni. Uwezo wa kukokotoa anao, amerithi. Alichonyimwa ni kuona ndani.

Kuna somo jingine ambalo emuleta inalitoa vizuri kuliko kitabu, nalo ni kwamba mashine ina ukomo. Kompyuta za gemu hizo zilihifadhi namba nyingi katika baiti moja moja, na baiti moja haiwezi kubeba zaidi ya 255. Donkey Kong hukokotoa muda wa kila ngazi kwa kuchukua namba ya ngazi, kujumlisha 4, kisha kuzidisha kwa 10. Ukifika ngazi ya 22, jibu ni 260. Namba hiyo haienei ndani ya baiti; inapinduka na kubaki 4. Mchezaji anapewa muda mfupi kiasi kwamba hawezi kufika juu, na shujaa anakufa bila kuguswa na chochote. Pac-Man naye, kwenye ngazi ya 256, nusu ya kulia ya skrini inavurugika kwa herufi na namba zisizo na maana, kwa sababu hesabu ya kuchora matunda imepinduka kwa njia hiyo hiyo. Wachezaji hodari kuliko wote duniani waligonga kuta hizo. Walioshindwa pale hawakuandamwa na nuksi. Walishindwa na hesabu ya kujumlisha. MAME ina dibaga ndani yake, chombo kinachosimamisha gemu katikati ya mwendo na kuonyesha kila baiti kwenye kumbukumbu. Mwanafunzi anaweza kuitafuta ile baiti inayohifadhi roho zake, akaiona ikishuka kutoka 3 hadi 2 anapokufa, akaiandika 9 kwa mkono wake. Akishafanya hivyo mara moja, hatazami tena skrini yoyote kwa macho ya zamani.

Najua pingamizi zinazokuja. Ya kwanza ni ya wazazi: tunawatoa watoto kwenye mashine moja tunawapeleka kwenye nyingine. Hofu hiyo ina msingi, maana gemu za sarafu zilitengenezwa makusudi zimvute mtu na kumuua haraka ili atoe sarafu nyingine. Ila kwenye emuleta sarafu ni kitufe cha 5, ambacho hakigharimu kitu, na mvuto wa kufidia kilicholiwa unakosa pa kushika kwa kuwa hakuna kilicholiwa. Muda unaweza kupotea, kweli. Kwa hiyo kuwe na ratiba na kuwe na mwalimu, kama ilivyo kwa mpira. Chumba cha kompyuta kisicho na mwalimu hakifai hata kwa kuchapia barua.

Ya pili ni nzito zaidi, nayo ni hakimiliki. Hapa sitaki kumumunya maneno: kupakua kutoka tovuti za mitaani gemu elfu kumi zilizofungwa pamoja ni kosa, na kibanda kinachowatoza watoto pesa kucheza gemu hizo kinafanya biashara kwa mali ya watu. Rwanda ina sheria mpya ya miliki ubunifu ya mwaka 2024, iliyochukua nafasi ya ile ya 2009, na shule haiwezi kufundisha uadilifu kwa vitu vya wizi. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kutengeneza na kutumia programu inayoiga mashine ni halali. Huko Marekani mahakama ya rufani ililiamua jambo hilo mwaka 2000 katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix. Kinacholindwa ni gemu yenyewe, na wanaozisambaza wamewahi kuumia: mwaka 2018 Nintendo iliwafikisha mahakamani wamiliki wa tovuti ya LoveROMS, na hukumu ikawa ya zaidi ya dola milioni 12. Njia ya halali ipo na inatosha kwa somo ninalolisema. Tovuti ya MAME ina gemu ambazo wenye haki wameruhusu zipakuliwe bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, zikiwemo Gridlee, Robby Roto, Star Fire, Super Tank na Targ. Maelezo ya swichi za Pac-Man na Cherry Master yanasomeka kwenye maandishi ya programu bila gemu yenyewe. Na Pac-Man huuzwa kihalali na Bandai Namco kwa anayetaka kuicheza. Naongeza jambo moja kwa ajili ya wanaotunga sheria zetu: utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani haziuzwi tena popote. Maktaba na shule zikinyimwa kabisa ruhusa ya kuzihifadhi, wa kuzihifadhi watabaki wale wasiojali sheria.

Ya tatu ni ya wapenda maendeleo: kwa nini tufundishe vyombo vya mwaka 1980 wakati Rwanda inazungumzia akili bandia? Kwa sababu chombo cha mwaka 1980 kinamwenea mtu kichwani. Prosesa ya Pac-Man, aina ya Z80, inakwenda kwa takriban megahezi 3, na programu yake yote ni ndogo kuliko picha moja ya simu. Mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuielewa yote. Simu iliyo mfukoni mwake hakuna mtu mmoja duniani anayeielewa yote. Jirani zetu wa Nyabihu wana Rwanda Coding Academy, iliyofunguliwa mwaka 2019 kwa darasa la kwanza la wanafunzi 60 waliochaguliwa kwa ubora wao. Ni jambo la kujivunia. Lakini mashine za sarafu hazikuwinda wale 60. Ziliwawinda waliobaki.

Wapo pia watakaosema vifaa havitoshi. Nchi hii iligawa zaidi ya kompyuta laki mbili za XO kwa watoto wa shule za msingi kuanzia mwaka 2008, na lawama kubwa iliyofuata haikuwa juu ya idadi. Ilikuwa kwamba walimu hawakuonyeshwa la kufanya nazo. XO ya kwanza ilikuwa na prosesa ya megahezi 433 na kumbukumbu ya megabaiti 256. MAME ya leo haiwezi kuishi humo. Inataka kompyuta ya biti 64. Lakini laptopu kuukuu ambayo ofisi imeitoa kwa kuwa imekuwa nzito, ile isiyoweza tena kufungua kurasa kumi za intaneti kwa pamoja, inaziendesha gemu za miaka ya 1980 bila kutoa jasho, na haihitaji intaneti ikishawekwa. Kwa kompyuta dhaifu zaidi kuna programu ya RetroArch yenye toleo jepesi la MAME 2003-Plus, mradi gemu ziwe zile zinazolingana na toleo hilo. Kwa hiyo vifaa tunavyo, vingine vimefungiwa stoo.

Pingamizi ya mwisho ndiyo inayonisumbua kweli. Je, anayejifunza swichi hizi hatakwenda kutengeneza mashine zake na kuwanyonya wenzake? Huenda mmoja atafanya hivyo. Lakini wanaonyonya tayari wanazijua swichi. Ndio wenye funguo. Usiri huu haujawahi kumlinda mchezaji hata siku moja, na kila kijana anayeujua ni mteja mmoja aliyepungua.

Wilaya ya Rubavu ina kituo cha vijana cha YEGO, ina shule zenye maabara za kompyuta, ina vyuo na ina vijana wanaomaliza masomo ya ufundi kila mwaka. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii tangu mwaka 2017, na katika mji huu ndiyo lugha ya soko. Somo litolewe kwa Kiswahili na Kinyarwanda, mtoto asikwame kwenye Kiingereza cha menyu kabla hajafika kwenye namba. Naomba chumba kimoja, kompyuta kuukuu kumi, mwalimu mmoja, saa mbili za kila Jumamosi, na gemu zilizoruhusiwa tu. Asitozwe mtu chochote. Wiki ya kwanza wajifunze kuweka programu. Wiki ya pili wabonyeze Tab. Wiki ya tatu wafungue goldstar.cpp, wasome zile nafasi nane, na kila mmoja apige hesabu ya faranga 1,000 kwa mkono wake, kisha aende nazo nyumbani akawaonyeshe kaka zake.